Wenceslaus Magesa wa Mbiu ya Mara, na Radhi Ambayo Hakuiandika

Wasifu huu si ule uliochapishwa kwenye ratiba mliyo nayo mikononi. Ule wa kwenye ratiba, ukurasa wa tatu, unasema kwamba mwaka 1974 marehemu "alistaafu uandishi kwa hiari yake." Marehemu hakustaafu, na hiari haikuwepo. Mdogo wake, Hyasinta, ambaye ndiye anayewasomea, aliandika kurasa sita akazipeleka kuchapwa. Zikarudi mbili, zimepigwa pasi hadi hazina kunyanzi hata moja. Kwa hiyo amekuja na zake za mkono. Padri ameruhusu zisomwe, na jua bado halijawa kali. Atakayeona uzito kusikiliza, kuna benchi kule nyuma karibu na njia.

Marehemu Wenceslaus Magesa alizaliwa Makoko, Musoma, tarehe 28 Septemba 1926, siku ya mtakatifu aliyempa jina. Baba yake, Mzee Magesa, alikuwa mvuvi na mkulima wa muhogo. Mama yake alizaa watoto saba, wakabaki wawili, Wenceslaus wa kwanza na Hyasinta wa mwisho. Wale watano wa katikati wako hapa hapa, mnakokanyaga, na tunawaomba walio upande wa kushoto wasogee kidogo.

Mwaka 1936 alianza shule ya misheni, akasoma hadi darasa la nane. Alipokuwa darasa la sita aliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa bweni: "Alhamisi uji ulikuwa na wadudu. Mwalimu hakuunywa." Akarudishwa nyumbani. Baba alimuuliza swali moja tu, kama ni kweli. Aliposema ni kweli, mzee alimshika mkono, wakatembea wote wawili hadi shuleni, akamwambia mwalimu, "Huyu mchape kwa kuchafua ukuta. Kwa habari ya uji usimchape." Akachapwa sita za ukuta. Alikuwa anapenda kusimulia kisa hicho, na kila akikisimulia alijisugua makalio, wageni wakacheka.

Mwaka 1945 aliajiriwa karani katika kinu cha kuchambulia pamba huko Bunda, akapanga chumba Nyasura. Alikaa miaka kumi na moja. Wakulima waliokuja na magunia kutoka mbali walimuuliza bei ya pamba, kwa sababu kila kituo cha kununulia kilikuwa na bei yake, na kila mnunuzi aliapa kwamba yake ndiyo ya serikali. Magesa akatafuta ubao, akaandika bei halisi, akautundika nje ya dirisha lake. Ubao ulivunjwa mara tatu, akautengeneza mara nne. Mwishoni mwa mwaka 1956 aliambiwa achague kati ya kazi na ubao, akarudi Musoma na taipureta kuukuu na mashine ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono. Jumatano tarehe 3 Aprili 1957 alitoa toleo la kwanza la Mbiu ya Mara, karatasi mbili zilizobanwa kwa pini. Ukurasa wa kwanza ulikuwa bei ya pamba na hakuna kingine.

Hapo lazima tuseme kosa lake kubwa, maana yeye mwenyewe angetaka lisemwe. Mwezi Julai 1958 Mbiu iliandika kwamba Mzee Ngolo wa Butiama amefariki. Habari hiyo aliipata mnadani kwa mtu aliyeisikia kwa mtu. Watu wakafika kwa Mzee Ngolo na kilio chao na pombe yao, wakamkuta anafunga ndama. Siku ya tatu mzee mwenyewe alishuka Musoma kwa miguu, akaingia ofisini, akakaa kwenye benchi. "Nimekuja," akasema, "nikuletee maiti uione vizuri, maana naona uliiandikaga bila kuiona."

Magesa alipanda Butiama kuomba msamaha, na masahihisho yake ameyaandika tayari mfukoni. Mzee Ngolo alikuwa hajui kusoma, akamwita binti yake Dafroza amsomee kwa sauti. Dafroza akasoma sentensi ya kwanza, akasimama, akamwambia mgeni, "Hapa umeandika baba 'hakufa sana'. Mtu anakufaga kidogo?" Wote wakaangua kicheko. Ndipo Mzee Ngolo akatoa sheria ambayo Mbiu ya Mara iliishika miaka kumi na sita: andika unachotaka juu ya mtu, lakini kabla hakijaenda kwenye mashine, mwenyewe asomewe. Asomewe nyumbani kwake, kwa lugha ya nyumbani kwake, na akubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Wakalifupisha jambo hilo wakaliita kusomewa. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Waandishi wa Mbiu walipanda baiskeli kilomita arobaini kumsomea bibi kizee mistari minne juu ya mbuzi wake. Lakini katika wilaya nzima mtu akisema "nilisomewa," ubishi uliishia hapo.

Magesa na Dafroza walifunga ndoa tarehe 11 Julai 1959. Mzee Ngolo aliongeza ng'ombe mmoja kwenye mahari, akasema ni wa kumfufua. Ng'ombe huyo alitolewa.

Mwaka 1961 marehemu alinunua mashine ya chapa ya kukanyaga kwa mguu kutoka kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anahama. Dada yake Hyasinta akajifunza kupanga herufi za risasi, moja moja, kinyumenyume, na ndiyo ikawa kazi yake. Toleo la Uhuru lilitoka Jumamosi tarehe 9 Desemba na kichwa cha maneno manne: "Tumepata. Sasa tufanye nini?" Kuna waheshimiwa waliokasirika wakisema siku ya sherehe si siku ya maswali. Kufikia mwaka 1966 Kampuni ya Mbiu ilikuwa na wafanyakazi kumi na mmoja na gazeti lilifika Bunda, Butiama, Buswahili, na vijiji vyote vya rasini huku ziwani. Akina mama walifungia samaki wa furu, ndiyo, lakini walilisoma kwanza. Kuna watu wazima wengi hapa waliojifunza a-e-i-o-u kwenye Mbiu, kabla hata elimu ya watu wazima haijapata jina. Na kuna mabwana wanne, wamevaa suti za Kaunda mstari wa mbele, waliofundishwa na marehemu kuandika sentensi yenye kichwa na miguu. Leo wanaandikia wengine. Miaka miwili na zaidi hawakuwahi kukanyaga Makoko. Karibuni. Mmejua njia leo kwa sababu amekufa.

Isidhaniwe kwamba marehemu alikuwa mpinzani wa Ujamaa. Hilo nalo ni uongo ambao watu waliuvaa kwa sababu uliwaenea. Mwaka 1967 aliandika kurasa mbili nzima kuunga mkono Azimio, akampa kila mfanyakazi sehemu katika kampuni bila kuombwa. Aliamini watu wakikaa pamoja watapata shule, zahanati na bomba la maji. Alipoulizwa baadaye kwa nini basi aliandika alichoandika, alijibu, "Kijiji ni kitu kizuri. Mama kujifungulia barabarani si kijiji."

Mwezi Oktoba 1974 watu wa kitongoji kimoja cha Buswahili waliamriwa kuhama. Walipewa siku tatu. Siku ya pili malori yalifika, mapaa yakaezuliwa na watu wamo ndani, mvua za vuli zimeanza. Pelagia, mke wa mkulima wa pamba, alikuwa mja mzito wa miezi minane. Alipakiwa pamoja na wenzake kupelekwa kwenye kijiji kipya ambacho kilikuwa ni kigingi na kibao, hakuna nyumba, hakuna maji. Uchungu ulimshika njiani, akajifungua mtoto wa kike chini ya turubai la lori. Mtoto aliishi siku mbili.

Magesa alikwenda mwenyewe. Aliandika, akarudi, akaenda tena kumsomea Pelagia na mumewe, mbele ya Mzee Kwangu, mkubwa wa ukoo wao. Pelagia akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndivyo ilivyokuwa. Chapa." Habari ikatoka Jumatano tarehe 23 Oktoba. Ijumaa asubuhi walikuja watu wawili ofisini, wenye adabu sana, wakamwambia avae viatu. Akakaa mahabusu siku kumi na nne bila kuandikiwa kosa.

Sasa tunafika mahali ambapo ratiba yenu ina mstari mmoja.

Naibu mhariri wa Mbiu alikuwa Bwana Clementi, shemeji yetu, aliyemuoa binti wa baba mdogo. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi haya, na ratiba imechapwa anakofanya kazi. Jumatatu tarehe 4 Novemba, saa tisa mchana, Clementi aliingia chumba cha mashine na karatasi mkononi. Ilikuwa radhi. Ilisema kwamba hakuna mama yeyote aliyejifungulia njiani, kwamba hapakuwa na mtoto, kwamba habari nzima ilitungwa na mhariri kwa tamaa ya kuuza gazeti, na kwamba mhariri anaomba msamaha kwa Chama na kwa wananchi. Chini iliandikwa: W. Magesa.

Hyasinta aliuliza, "Shemeji, hii amesomewa nani?"

"Amesomewa nani?" Clementi akafoka. "Kaka yako amelala kwenye sakafu ya maji siku kumi, wewe unaniuliza habari za kusomewa? Nimeambiwa ikitoka Jumatano, Alhamisi naye anatoka. Isipotoka, anapelekwa mbali. Panga herufi, mama. Panga!"

Hyasinta akapanga. Alipanga neno "hapakuwa" na neno "mtoto", kinyumenyume, herufi moja baada ya nyingine. Akamaliza saa kumi na mbili, akanawa, akaenda kupika. Hakuna aliyemshikia bunduki. Alimtaka kaka yake nyumbani, basi.

Radhi ikatoka Jumatano. Alhamisi naye akatoka, amekonda, miguu imevimba. Aliingia ofisini kabla ya kuingia nyumbani. Akalisoma gazeti akiwa amesimama, akalisoma tena. Kisha akauliza, "Nani kapanga?" Hyasinta akasema ni yeye. Akauliza, "Nani kaandika?" Clementi akasema ni yeye. Marehemu akalikunja gazeti. Halafu akasema, "Nikikanusha, kesho mnakwenda ninyi wawili. Clementi ana watoto wadogo. Nyamazeni. Nami nitanyamaza."

Wiki iliyofuata alipanda baiskeli hadi Buswahili. Alimkuta Mzee Kwangu amesimama mwanzoni mwa kijiji kipya, na watu nyuma yake. "Usipite," mzee akamwambia. "Mtoto wetu tulimzika mara moja. Wewe ukamzika mara ya pili, ukasema hakuwepogi." Ilikuwa ni kusema maneno mawili tu: sikuandika mimi. Hakuyasema. Aligeuza baiskeli. Watu wa Buswahili hawakumsalimu tena, na Bunda wakambandika jina, Bwana Radhi. Mtu aliyeandika bei ya pamba kwenye ubao ili msiibiwe, mkamwita Bwana Radhi, mkacheka, na wengine mkalifundisha jina hilo kwa watoto wenu.

Hyasinta anaomba awaulize jambo moja, kwa heshima zote za msiba. Miaka kumi na sita mlisomewa. Mlijua sheria ya Mbiu kuliko mnavyojua amri za Mungu. Radhi ile ilisomwa kwa nani? Pelagia alisomewa? Mzee Kwangu alisomewa? Kuna mtu mmoja, kutoka Makoko hadi Buswahili, aliyepanda baiskeli akaja kuuliza, "Jamani, mbona hii haikusomwa?" Hakuna. Jambo lililotakiwa kuwafumbua macho lilikuwa wazi kama mchana, nanyi mkalipita. Ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba mkweli amekuwa mwongo, maana hapo kila mmoja wetu anapata nafuu.

Na kampuni? Radhi haikuiokoa. Januari 1975 kibali cha gazeti kilifutwa kwa barua ya mistari mitano. Mashine ya chapa ikapakiwa kwenye lori ikafunikwa turubai, herufi za risasi zikamwagwa kwenye magunia ya pamba, zikachanganyika zote, kubwa na ndogo. Wafanyakazi kumi na mmoja wakatawanyika. Clementi alipata kazi serikalini. Marehemu alilima muhogo wa baba yake, na jioni aliwaandikia majirani barua, kila moja akiisoma kwa sauti kwa mwenyewe kabla ya kuifunga.

Mwezi Machi 1976 alipatwa na kiharusi akiwa shambani. Upande wa kulia ukafa na ulimi ukafungwa. Mke wake Dafroza alimlisha, alimwosha na kumgeuza kwa miezi kumi na moja, na kama kuna kiti cha mbele katika msiba huu ni chake, si cha wenye suti. Wiki tatu kabla ya mwisho Hyasinta alimwinamia sikioni akamwambia, "Kaka, ukiondoka nitasema." Marehemu alimtazama, akafumba macho. Hyasinta hajui kama ilikuwa ndiyo au hapana. Kama ilikuwa hapana, basi Hyasinta amemkasirikia hata marehemu, kwa kunyamaza kwake kwa miaka miwili na kuwaacha wapumbavu wamshinde. Watakutana huko, wagombane. Alifariki dunia nyumbani kwake Makoko, Jumatano tarehe 9 Februari 1977, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini.

Yote mliyosikia hapa, wenyewe wamesomewa. Bwana Clementi alisomewa leo saa moja asubuhi, mlangoni kwake, mke wake akiwepo. Mwanzoni alisema, "Shemeji, msibani watu hawafukui, wanafukia." Hyasinta akaendelea kusoma. Alipomaliza, Clementi alikaa chini kwenye kizingiti na suti yake. "Isome," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa. Ila uwaambie pia kwamba alitoka. Uwaambie nilimtaka atoke." Tumewaambia. Alitoka, na Clementi alimtaka atoke, na Hyasinta alimtaka atoke, na kwa kumtaka hivyo tulimtoa mahabusu tukamfungia jina lake.

Marehemu ameacha mjane, Dafroza. Watoto wanne, Boniphace, Justina, Hana, na Ngolo aliyeitwa jina la babu yake. Na dada mmoja, aliyepanga herufi za radhi.

Jana alasiri Pelagia alifika kutoka Buswahili, ametumiwa ujumbe. Hakuwa ameongea na familia hii tangu mwaka ule. Alisomewa kurasa hizi zote nyuma ya nyumba, Hyasinta akitafsiri panapohitajika. Hakulia wala hakusamehe mtu. Aliuliza kama zitasomwa hadharani, akaambiwa ndiyo. Ndipo akasema kuna kosa, lipo tangu habari ya kwanza kabisa, na kwamba siku ile hakulitaja kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo Mbiu ya Mara, kwa mara ya mwisho, inatoa masahihisho. Katika habari ya tarehe 23 Oktoba 1974 tuliandika "mtoto wa kike." Alikuwa na jina. Aliitwa Wegesa. Alizaliwa barabarani, aliishi siku mbili, na alikuwepo.

Bwana umpe mtumishi wako Wenceslaus pumziko lako. Sisi tuliobaki, pumziko hilo usitupe upesi.